Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi

Mama mmoja wa Pangani, Kibaha, anasema tundu la kuchomekea chaja kwenye Noah yao, lile la kiberiti, limekufa tangu mwanawe wa miaka mitatu alipolichezea. Fundi wa jirani amemshauri waweke fyuzi kubwa zaidi "ili isisumbue tena". Anauliza akubali?

Asikubali. Ushauri huo nausikia kila mahali, na ni wa hatari.

Fyuzi haikuwekwa kulinda simu yako. Inalinda waya. Waya wa tundu lile ni mwembamba, umepita nyuma ya dashibodi, na katika magari mengi umewekewa fyuzi ya ampea 15. Umeme ukizidi, kijiti kilicho ndani ya fyuzi kinayeyuka na njia inakatika. Ukiweka ya ampea 30, waya ndio utakaochemka kwanza, mahali usipopaona, na watoto wamefungwa mikanda kiti cha nyuma. Karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha waya wa shaba ni balaa kubwa zaidi.

Kwa mama huyu nashuku sarafu. Watoto wadogo hupenda kudumbukiza shilingi humo, na ikigusa kitako cha tundu na ukuta wake kwa pamoja, ni shoti. Zima gari, toa ufunguo, mulika kwa tochi. Ikiwamo, itoe kwa kitu kisicho cha chuma. Kisha fungua kisanduku cha fyuzi. Kwenye Toyota nyingi fyuzi ya tundu hilo ina herufi CIG kwenye mchoro wa kifuniko. Namba imeandikwa mgongoni mwa fyuzi, na rangi pia husaidia: nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ilikotoka buluu irudi buluu. Mpya nayo ikiungua papo hapo, usiilishe ya tatu. Hapo kuna waya uliochunika, na fundi umeme aufuate mpaka aupate.

Wakati mwingine kosa ni letu wazazi. Volti 12 mara ampea 15 ni wati 180, basi. Chaja ya simu haitikisi kitu, lakini birika la kuchomeka garini la kupashia maji ya maziwa ya mtoto laweza kula wati 150 peke yake. Ongeza skrini ya katuni kwenye tundu hilohilo, na foleni ya Morogoro Road ikiwa ndefu, fyuzi itakata. Mimi ningebeba chupa ya chai yenye maji ya moto.

Halafu kuna redio. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako FM huanzia 76, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazishiki na tunabadilisha redio. Hapo ndipo nyaya husokotwa kwa vidole, zikafungwa tepu nyeusi na kuungwa popote penye umeme. Simama pale pale, umuulize fundi umeme ameutoa wapi na fyuzi yake iko wapi. Kama anafunga amplifaya, inatakiwa iwe na waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya. Muulize pia kama redio itazimika ukitoa ufunguo, usije ukakuta betri imelala asubuhi na watoto wamekwisha kuvaa sare.