Mastaa na Makopo ya Kuongeza Maziwa: Mzazi Anahitaji Uji, au Anahitaji wa Kumpikia?

Staa wa mjini akijifungua siku hizi, subiri wiki mbili tatu tu. Kwanza picha ya mtoto aliyefichwa uso kwa kopa. Halafu posti ya kumshukuru Mungu. Posti ya tatu ni kopo la unga: "Kina mama wenzangu, hiki ndicho kilichoniokoa, maziwa yanamwagika kama bomba." Chini yake namba ya WhatsApp, mikoani wanatuma.

Majina hayatajwi hapa, wenyewe wanajijua. Ila kinachouzwa lazima kisemwe. Mara nyingi ndani ya kopo kuna mlonge, uwatu, tangawizi na mbegu za maboga. Vitu vya sokoni, vimesagwa na kupewa stika.

Sasa nenda Dakawa, wilayani Mvomero, kule kwenye mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya Mto Wami. Mzazi wa huko anakunywa uji wa pilipili manga, na pilipili yenyewe haitoki mbali, inalimwa milimani Uluguru. Kuna supu ya kuku wa kienyeji, samaki, karanga, boga, mboga za majani. Mtori wa Wachaga nao ulishafika zamani. Hakuna stika.

Je, vinaongeza maziwa kweli? Tuache ushabiki. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane yalikusanya tafiti 41 kuhusu dawa na vyakula vya aina hii. Vya asili vilionekana huenda vinasaidia, lakini ushahidi ni dhaifu mno, na hakuna kilichothibitika kuwa kiboko ya vingine. Kwa hiyo anayekuapia kwamba kopo lake ndiyo mwisho wa matatizo, anauza.

Kinacholeta maziwa kinajulikana: mtoto kunyonya. Mchanga anatakiwa anyonye mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ziwa likitolewa maziwa, mwili unatengeneza mengine. Likibaki limejaa, mwili unapunguza. Ndiyo maana mama akipata hofu kwamba "hayatoshi", akaanza chupa bila ushauri, mtoto ananyonya kidogo na maziwa yanapungua kweli. Hofu ndiyo inayouza kopo.

Basi ule uji una kazi gani? Kazi kubwa tu. Anayenyonyesha anahitaji takribani kalori 500 za ziada kwa siku, pamoja na maji ya kutosha. Lakini uji haujipiki. Nyuma ya kikombe kuna bibi au mama mkwe anayesema, "Wewe mwanangu kunywa, mnyonyeshe mjukuu wangu, vyombo niachie mimi." Huo muda wa kukaa na mtoto kifuani ndiyo dawa yenyewe, na hauingii kwenye kopo.

Wala Dakawa si peponi. Mpunga ukianza kukomaa, ndege hawajui nani kajifungua jana. Mwanamke asiye na msaidizi anabeba kichanga mgongoni anakwenda kuamia ndege juani kutwa. Huyo hata umpe gunia la mlonge, bado anahitaji mtu wa kumpokea kazi.

Mjini ni kesi ileile, mavazi tofauti. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na akirudi kazini anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapewa siku 3. Tatu! Na dada wa saluni au wa duka la nguo asiye na mkataba, hizo 84 anazisikia redioni tu. Anabaki chumbani peke yake, ana njaa, hajalala, anamwangalia staa mwenye dada wa kazi wawili na mpishi, anadhani siri ni unga.

Anayetaka kujaribu vya asili, chakula cha kawaida hakina shida. Unga wa kopo usiojulikana ndani kuna nini, aachane nao. Uwatu unaweza kushusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari amuulize daktari kwanza. Na mtoto aliyevuka wiki ya kwanza akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, au asipoongezeka uzito, safari ni ya kliniki, siyo ya Insta.

Kwa wanaokwenda kumwona mzazi wikiendi hii: kopo acheni dukani. Bebeni kuku, mfike mumpikie, mfue na nepi, muondoke mapema.

Wadau mnasemaje? Baba siku 3 zinamtosha kweli?