Gitaa linaweza kuporwa, ufundi wa kulitengeneza hauporwi

Katika mitaa ya Goma, Butembo, Bunia na Bukavu, arusi bila muziki si arusi, na sikukuu ya kanisa bila kwaya na magitaa haijakamilika. Mara nyingi wanaopiga si wanamuziki wa jina kubwa. Ni vijana wa mtaa: huyu anaendesha pikipiki, yule anatengeneza simu, mwingine bado mwanafunzi. Wanakutana jioni kurudia nyimbo za wengine, rumba za zamani na nyimbo za kanisa. Kati yao mpiga besi ndiye mwenye shida zaidi, maana gitaa la besi ni ghali na si rahisi kulipata. Ndiyo sababu wako wanaoamua kulitengeneza kwa mikono yao.

Wazazi wengi wanaita kazi hiyo mchezo wa watu wasio na kazi. Hapo wanakosea, na wanaoumizwa zaidi na kosa hilo ni vijana wa jamaa zilizohama.

Kila mtu wa mashariki mwa Kongo anajua namna watu wanavyokimbia. Risasi zikianza usiku, mama anabeba mtoto, sufuria na kitambaa cha kulalia. Baba anachukua godoro kama nguvu zipo. Gitaa na spika vinabaki nyumbani, na anayerudi mara nyingi anakuta mlango umevunjwa. Chombo kilichonunuliwa au kuletwa na mfadhili kinapotea siku moja tu. Lakini kijana mwenye vipimo vya besi kichwani anakimbia navyo. Akifika kwenye hema au kwa jamaa aliyempokea, anaweza kuanza tena akipata ubao na msumeno wa kuazima. Kwa hiyo shirika au kanisa linalotaka kusaidia vijana kwa njia ya muziki lisiishie kugawa magitaa na kupiga picha. Lifundishe kuyatengeneza.

Ufundi wenyewe si uchawi. Besi ya kawaida ina nyuzi 4: mi, la, re na sol. Kutoka mahali nyuzi zinapoanzia karibu na kichwa cha gitaa hadi kwenye daraja zinapoishia, urefu ni karibu sentimeta 86. Vyuma vidogo vinavyokatiza shingo havipangwi kwa kukisia. Fundi anachukua 86, anagawa kwa 17,8, anapata karibu sentimeta 4,8: hapo ndipo chuma cha kwanza kinakaa. Urefu unaobaki anaugawa tena kwa 17,8 ili kupata nafasi ya chuma cha pili, na kuendelea hivyo. Chuma cha 12 kinapaswa kuangukia katikati kabisa, kwenye sentimeta 43. Kisipoangukia hapo, amekosea hesabu, na gitaa lake halitapatana kamwe na sauti za kwaya. Mtoto aliyechukia hesabu darasani anaweza kuipenda siku anaposikia kosa lake kwa masikio.

Mbao nazo zina masharti. Ubao mbichi unapinda, maana nyuzi za besi zinavuta shingo kwa nguvu usiku na mchana. Shingo inahitaji mti mgumu uliokauka vizuri, kama muvula au libuyu. Hakuna haja ya kukata mti: katika karakana za maseremala mabaki ya mbao hizo hutupwa au huchomwa. Nyuzi zinaweza kutoka kwenye waya wa breki. Chini ya nyuzi inawekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu, ule unaopatikana ndani ya transfoma ndogo ya redio iliyokufa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya huo na kwenda kwenye spika. Uzi wa nailoni wa wavuvi hauwezi kufanya hivyo. Anayeelewa jambo hilo ameanza pia kuelewa redio, jenereta na mota. Na asiyeelewa anaishia kukata waya za umeme za mtaa, jambo ambalo ni wizi na ni hatari ya kifo.

Historia ya muziki wa Kongo iko upande wa vijana hawa. Luambo Makiadi, anayejulikana kama Franco, alijitengenezea gitaa la kwanza akiwa mtoto, kwa kopo na waya, akapiga karibu na meza ya mama yake aliyeuza mandazi sokoni Kinshasa. Baadaye alikuwa kati ya walioanzisha OK Jazz mwaka 1956. Kundi la Konono No 1, la Kinshasa pia, lilitengeneza vipaza sauti kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani, likaunganisha likembe kwenye spika, na moja ya likembe hizo ilifanya kazi ya besi. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa binadamu. Haifai nchi kusherehekea urithi huo huku ikiwacheka watoto wanaourithi kwa njia ileile ya kopo na waya.

Wengine wanasema kupiga nyimbo za wengine si kipaji. Lakini mpiga besi hujifunza kwa kusikiliza wimbo mara ishirini hadi ajue kidole kinaenda wapi na kinanyamaza wapi. Solo inasifiwa, lakini besi na ngoma ndizo zinazowashika wote pamoja. Besi ikiyumba, sebene linavunjika na wachezaji wanarudi kwenye viti. Tena wimbo unaojulikana una faida moja kubwa mahali ambapo watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale wanaishi pamoja bila kuzoeana: wote wanauitikia. Vijana nao wawe waaminifu. Wataje mwenye wimbo, wala wasijifanye wao ndio waliotunga.

Kuna swali zito zaidi: jamaa haijala, besi ya nini? Ni swali la haki, na hakuna mwenye akili anayetaka unga upunguzwe ili magitaa yanunuliwe. Lakini kwa kijana asiye na shamba wala masomo, siku ni ndefu, na makundi yenye silaha yanajua kumtafuta mtu asiye na shughuli. Tena mafunzo ya useremala tayari yapo katika miji yetu. Meza, randa na msumeno vipo. Kinachoongezeka ni vipimo na mwalimu. Na kijana asiyepata mteja wa gitaa bado amejifunza kupima, kukausha mbao na kuunganisha waya. Kesho atatengeneza kitanda au redio ya jirani.

Kila mtu basi achukue sehemu yake. Maseremala wawape vijana mabaki ya mbao. Makanisa yafungue milango mchana, siku zisizo za ibada, kwa mazoezi ya kwaya na makundi ya mtaa, wenyeji na wahamaji pamoja. Wenye arusi waache desturi ya kuwalipa wapigaji kwa soda na sahani ya wali. Wapatane bei mapema na walipe franga zote. Wazazi wasivunje gitaa la mtoto kwa hasira. Na vijana wenyewe wanyamaze saa za usiku, waheshimu wagonjwa na waliofiwa, na kila anayejua kupanga vyuma vya shingo amfundishe mwingine mmoja. Vita vimeshachukua nyumba, mashamba na ng'ombe. Ufundi wa mtu asiyemfundisha mwingine unaweza kuondoka naye pia.