Rovu Lipimwe Kabla ya Kisu

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo si ajabu kumwona mama wa makamo mwenye rovu shingoni, naye analima, anateka maji na kulea wajukuu bila kulalamika. Nchi hiyo iko mbali na bahari, na mvua za karne nyingi zimeosha madini joto ardhini. Tezi ya shingo ikiyakosa hutanuka. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizoathirika zaidi nchini, kisha kanuni za miaka ya 1990 zikataka chumvi itiwe madini joto.

Lakini chumvi haiyeyushi kinundu kigumu kilichokwisha kuota zamani. Je, ni saratani? Vinundu vingi sivyo, ila jicho na kidole havitoshi kutoa hukumu.

Kwanza hupimwa damu, kutazama TSH, homoni inayoiamrisha tezi. Ikiwa chini mno, yamkini kinundu kinafanya kazi bila kuamriwa: moyo unadunda, mwili unakonda. Cha namna hiyo ni nadra kuwa saratani. Halafu altrasaundi, isiyoumiza hata kidogo, huonyesha kama ndani mna maji au nyama, na kama kingo zimeparuzika.

Kikitiliwa shaka, sindano nyembamba huvuta chembechembe zikatazamwe kwa darubini. Hapa ndipo penye ugumu. Sindano huitambua vizuri saratani ya papila. Ile ya folikula, ambayo huonekana zaidi penye uhaba wa madini joto, haitofautishwi na uvimbe usio na madhara mpaka kinundu kitolewe na ganda lake lichunguzwe. Basi jibu la “haijulikani” si uzembe wa maabara.

Mtaalamu wa kusoma chembechembe hizo hapatikani kila hospitali ya wilaya, na huenda mgonjwa akaandikiwa kwenda Bugando, Mwanza. Kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli, jamaa waulize sindano hiyo hufanyika siku gani na majibu hutoka lini. Wasichelewe, hata hivyo, iwapo kinundu kinakua upesi, sauti imekwaruza au chakula hakishuki. Na mama achukue karatasi za vipimo vyote vya awali, asije akalipishwa mara mbili kwa damu ile ile.