Je, Lenzi za Mkono Zirejeshwe?

Miongoni mwa mambo yanayojadiliwa siku hizi na watu wanaoishi kwa kamera, liko moja ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo. Nalo ni hili: je, makampuni makubwa ya kamera yarudie kutengeneza zile lenzi ndogo za zamani, ambazo mpiga picha huzungusha pete kwa vidole vyake mpaka picha ikawa wazi? Au yaache mambo yalivyo, lenzi zijiendeshe zenyewe kwa mota na umeme? Wapiga picha wetu huiita kazi hiyo "kuweka fokasi". Mimi hapa nitasema kulenga, maana ndivyo ilivyo hasa.

Msomaji ataniuliza: jambo hili latuhusu nini sisi watu wa pwani, ambao hatuna kiwanda hata cha kutengeneza mkanda wa kamera? Latuhusu, tena sana. Wengi wa vijana wetu wanaojipatia riziki kwa picha, kuanzia Lamu hadi Vanga, hawanunui kamera mpya. Wananunua zilizokwisha kutumika, baada ya mwenyewe wa kwanza Ulaya au Arabuni kuzichoka. Basi kinachouzwa kipya leo Tokyo ndicho kitakachotufikia sisi kwa mkono wa pili baada ya miaka kumi au ishirini. Mjapani akiamua leo kutengeneza chombo kisichoweza kudumu, atakayeona taabu yake si mnunuzi wa Tokyo, bali ni mtoto wetu.

Kwanza tutazame tulikotoka. Hadi kufikia mwaka 1985, karibu kila mpiga picha wa kazi duniani alilenga kwa mkono. Mwaka huo kampuni ya Minolta ilitoa kamera yake ya 7000, iliyokuwa na mota ndani ya kuizungusha lenzi, na mambo yakabadilika. Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, Canon nayo ikaleta kamera zake za EOS. Ili kufanya hivyo ilibadilisha kabisa mdomo wa kamera, yaani pale lenzi inapofungwa. Waliokuwa na lenzi za Canon za aina ya FD walijikuta wana mali isiyoingia katika kamera mpya. Nikon ilichukua njia nyingine, ikaushikilia mdomo wake ule ule wa mwaka 1959, ingawa nayo pia iligeukia mota.

Kabla ya hapo watengenezaji walikuwa wakishindana kwa udogo. Mwaka 1972 Olympus ilitoa kamera ya OM-1, kazi ya mhandisi Yoshihisa Maitani, ambaye alikataa kukubali kwamba kamera nzuri ni lazima iwe nzito. Mwaka 1976 Pentax ikatoa kamera zake ndogo, pamoja na lenzi ya milimita 40 yenye uzito wa gramu 110 na unene usiofika sentimita mbili. Lenzi kama hiyo ungeweza kuitia katika mfuko wa kanzu na asijue mtu. Sasa linganisha na lenzi ya Nikon ya siku hizi ya milimita 50, ile ya tundu la 1.8 kwa kamera za Z: uzito wake ni gramu 415. Za zamani za kipimo hicho hicho, nyingi hazikufika gramu 200.

Lakini tuseme kweli. Uzito huo haukuja bure. Lenzi hiyo mpya ina vioo 12 ndani yake, ilhali za zamani nyingi zilitosheka na sita. Picha yake ni kali kutoka katikati mpaka pembeni, jambo ambalo za zamani hazikuliweza. Na hiyo mota ina faida zake. Mwenye kupiga mpira uwanjani, au bibi harusi anapotolewa mbele ya watu, hana nafasi ya kumwambia mtu, "Hebu rudi nyuma upite tena." Kamera za leo humtambua mtu kwa uso na hata kwa jicho, zikamfuata aendako. Mimi mwenyewe, katika umri huu, gazeti nalisoma kwa miwani, na siku za haraka namshukuru Mungu kwa mota. Kwa hiyo asinielewe mtu kwamba nasema mota ziondolewe. La hasha. Ninalouliza ni kama mota zibaki peke yake.

Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Na kidonda chenyewe kipo, tena sisi wa pwani twakijua kuliko wengine. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Kamera ikikaa kabatini msimu mmoja wa mvua, kuvu huanza kutambaa ndani ya vioo vya lenzi kama utando wa buibui. Lenzi ya mkono ikipatwa na maradhi hayo hupelekwa kwa fundi. Fundi huifungua kwa bisibisi, akafuta vioo, akasafisha hesi na kuipaka grisi mpya, kisha akaifunga. Ndani yake hamna siri. Ni vioo, shaba, chuma na hesi. Wako mafundi ambao hawajakanyaga darasa la elimu ya vioo hata siku moja, na kazi hiyo waifanya vizuri sana.

Lenzi ya mota ni habari nyingine. Ndani muna chipu, muna tepe nyembamba za nyaya, muna mota yenyewe. Kimoja kikifa, chote kimekufa. Nilikuwa na lenzi moja ya namna hiyo iliyonyamaza baada ya miaka tisa. Nilipoipeleka kwa wakala niliambiwa kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena, na kwamba bora ninunue nyingine. Nikasema basi, nitaizungusha kwa mkono. Haikuwezekana! Pete ya nje ya lenzi nyingi za leo haijaunganishwa na vioo. Unapoizungusha huisogezi lenzi. Unapeleka ombi kwa umeme, na mota ndiyo inayosogeza. Mota ikifa, ombi halina wa kulipokea. Kioo kizima, hakina mkwaruzo, kimekuwa kizito cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Lenzi ya mkono ikishanunuliwa ni mali ya aliyeinunua. Lenzi ya mota hubaki nusu yake mkononi mwa aliyeitengeneza, kwa kuwa uhai wake wategemea vipuri vyake, na kamera inayosema lugha yake.

Ushahidi tunao, na ni wa ajabu. Zile lenzi za Canon FD nilizozitaja, ambazo mwaka 1987 zilihesabiwa kuwa zimekwisha, leo zinafanya kazi tena. Mwaka 2013 Sony ilitoa kamera zake za A7, na mwaka 2018 Nikon na Canon wakafuata na zao zisizokuwa na kile kioo cha ndani cha kuakisi. Kwa vile kamera hizo ni nyembamba, imewezekana kutia kipande cha chuma, yaani adapta, katikati ya kamera na lenzi ya kale, na picha ikatoka bila tatizo. Tena mwenye kulenga kwa mkono amepata msaada ambao babu yake hakuupata: akichungulia anaweza kuikuza picha mara nyingi, au kamera ikampakia rangi kwenye kingo za kitu kilicho wazi. Lenzi iliyokosa kamera kwa robo karne imefufuka kwa sababu haikuhitaji idhini ya mtu. Haikuhitaji ila kidole.

Sasa twende kwa watengenezaji wenyewe, na mfano mzuri ni Nikon. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitoa kamera iitwayo Zf, yenye sura ya FM2 ya mwaka 1982. Ina vishikizo vya kuzungusha juu yake, na hata mwenye kulenga kwa mkono inaweza kumtambulia uso wa mtu anayempiga. Ni kamera nzuri. Lakini lenzi iliyouzwa pamoja nayo, ya milimita 40, imevikwa tu nguo za kale. Haina pete ya tundu la mwanga, wala haina namba za kuonyesha masafa. Ni mota ndani ya kanzu ya babu. Na mara moja Nikon walipotengeneza lenzi ya mkono kwa kamera hizi, mwaka 2019, walitoa lenzi ya milimita 58 yenye tundu la 0.95, iliyopewa jina la Noct. Uzito wake ni kilo mbili, na bei yake ilipotoka ilikuwa kama dola 8,000. Basi ujuzi hawakuupoteza. Walichokosa ni nia ya kuutumia kwa kitu kidogo, cha mtu wa kawaida.

Wao watajibu, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba soko limekauka. Mwaka 2010 makampuni ya kamera yalisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni nane. Simu imekula zilizobaki. Kampuni iliyo katika hali hiyo huchagua kutengeneza vitu vichache vya bei kubwa. Tena watasema kwamba mwenye kutaka lenzi ya mkono hajafungiwa mlango. Leica ya Ujerumani haijaacha kuzitengeneza tangu kamera yake ya M3 ya mwaka 1954. Cosina ya Japani, tangu mwaka 1999, inatengeneza lenzi nzuri ndogo kwa jina la Voigtländer, na baadhi yake zafungika kwenye kamera za Nikon Z kwa ruhusa ya Nikon. Wachina nao wamejaza soko kwa lenzi za bei nafuu.

Hoja hizo nazikubali, ila hazinikinaishi. Lenzi ya Leica yahitaji maelfu ya dola, na hiyo si riziki ya mpiga picha wa Majengo wala wa Mkomani. Za Kichina nyingi haziongei kabisa na kamera. Kamera haijui ni lenzi ya milimita ngapi, na mpiga picha hana budi kuiandikia mwenyewe kila anapobadilisha, la sivyo kile kifaa cha ndani cha kuzuia mtikisiko wa mkono hakitafanya kazi sawasawa. Cosina imefanya vizuri, na hilo lenyewe ni jawabu: kampuni ndogo iliyoko Nagano ikiweza kuishi kwa kazi hii, kubwa zitashindwaje? Na simu kula soko ndiyo sababu hasa ya kurudi. Kamera haitashindana na simu kwa kujiendesha yenyewe, kwani katika hilo simu imekwisha kushinda. Itashindana kwa kumrudishia mtu kazi yake.

Kazi yenyewe si ndogo. Mwenye lenzi ya milimita 35, akafunga tundu mpaka 8 na kuiweka pete kwenye mita tatu, ana kila kitu wazi kuanzia kama mita mbili mpaka kama mita saba. Huyo hana haja ya kulenga tena. Atatembea katika vichochoro vya Lamu, punda apite, mzee atoke msikitini, naye atabonyeza tu, bila kungoja mota iamue ni nani aliye muhimu. Namba za masafa ndizo zilizomwezesha. Lenzi nyingi za leo hazina namba hizo. Hata Pentax wamelitambua jambo hili, maana kamera yao ya filamu ya mwaka 2024, iitwayo 17, mpiga picha huchagua masafa mwenyewe kwa kuzungusha pete.

Na historia yetu imeandikwa kwa mkono huo. Picha zilizozipatia jina studio ya Parekh hapa Mombasa, ya Bakor kule Lamu na Capital Art Studio ya Unguja, ni kazi ya watu waliojua kulenga. Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu, alitoa kitabu cha picha za Hija mwaka 1978, miaka saba kabla ya ile kamera ya Minolta. Mwenye kufikiri kwamba haiwezekani kupiga umati unaosukumana bila mota, akitazame kitabu hicho.

Basi rai yangu ni hii. Ndiyo, zirejeshwe, lakini zisirejeshwe kama mapambo ya kumbukumbu. Kila kampuni kubwa itoe lenzi tatu tu: moja pana, moja ya kati na moja ya sura za watu. Ziwe ndogo, za chuma, zenye namba za masafa. Pete iunganishwe na vioo kwa hesi, si kwa umeme. Ziwe na chipu ya kuiambia kamera hali yake, lakini chipu hiyo ikifa, lenzi iendelee kuishi. Na zifungike kwa bisibisi anayoijua kila fundi.

Wakati tunangojea, nina neno moja kwa walio na lenzi za wazazi wao ndani ya masanduku. Usiache mbachao kwa msala upitao. Itoe leo uitazame mbele ya mwanga. Ukiona utando, ipeleke kwa fundi kabla kuvu haijala kioo. Ikiwa safi, ifunge ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, usiiache katika mfuko wa ngozi, maana ngozi huvuta unyevu. Kisha mtafutie kijana wako adapta. Huenda lenzi hiyo ikamlisha yeye, kamera tatu zilizo mpya leo zikiwa zimekwisha kutupwa.