Kinga ya Utumbo Haimo kwenye Kabila

Wapo hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, wanaoamini kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mnyakyusa aliyekuzwa kwa ndizi na maharage hauugui. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeuweka mahali pabaya.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda, aliona ugonjwa huu ni nadra kwa watu wa vijijini. Mwaka 1971 aliandika kwamba siri ni nyuzinyuzi nyingi kwenye chakula. Kama kinga ingekuwa ya damu, Wamarekani weusi wangekuwa nayo. Badala yake wamo miongoni mwa wanaougua zaidi nchini mwao. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwabadilishia chakula kwa wiki 2: Wamarekani weusi 20 wakala cha kijijini, wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakala cha Kimarekani, nyama na mafuta tele. Butireti, kemikali inayotengenezwa na bakteria kutokana na nyuzinyuzi na inayolinda ukuta wa utumbo, iliongezeka kwa Wamarekani zaidi ya mara 2. Kwa wanakijiji ilishuka hadi nusu.

Wiki 2 hazileti saratani, ni kweli. Na urithi upo, ila mara nyingi hufuata ukoo fulani, si kabila zima. Hata hivyo utafiti wa Kilimanjaro wa mwaka 2025, uliohusisha wanaume 77, umeelekea huko huko: waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kisasa, damu yao ilionyesha dalili za mwili kuvimba kwa ndani.

Sasa tazama sahani zetu. Mbalaga ya ndizi iliyoungwa na maharage, magimbi, parachichi la shambani: hapo ndipo kinga ilipokaa. Jioni pale stendi, foleni iko kwenye chipsi mayai, soseji na soda. Soseji si jambo dogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza mwaka 2015 kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani hii kwa asilimia 18. Simlaumu dereva wa bodaboda anayekula amesimama. Mbalaga inataka moto, muda na mtu wa kuipika, naye mchana kutwa yuko barabarani. Kwa hiyo nawageukia wanaopanga chakula cha shule na vibanda vya stendi: maharage na ndizi vinalimwa hapa hapa Rungwe, viwekwe mahali mtu anaponunulia.

Kinachoniuma zaidi ni damu kwenye choo. Mgonjwa akijiona ni wa kabila lisilougua, ataiita bawasiri na kunywa dawa za mitishamba miezi mingi, wakati uvimbe unaokua polepole ungeweza kukatwa mapema. Anayetokwa na damu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa huku akikonda, aende hospitali apimwe, na daktari asimwambie ni bawasiri kabla ya kumchunguza.