Chura wa 1981 anaaibisha simu zetu

Wiki jana nilikaa na rafiki yangu kwenye kochi moja, magoti yakikaribia kugusana, nikitaka anitumie video ya dakika nne. Simu yake ni ya bei ghali, yangu ni ile ya wengi wetu. Zilikataa katakata kuelewana. Ikabidi aipandishe video mtandaoni, nami niishushe tena kwa bando langu. Ikiwa karibu kuisha, bando likakata. Nikaambiwa nianze upya!

Wasee, hii shida ilipata dawa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kompyuta kubwa za chuo hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi kazi za wanafunzi wote. Suluhisho likawa kuhamishia faili kwenye kompyuta ndogo, kisha kwenye diski za kubeba mkononi. Lakini mashine zilikuwa za watengenezaji tofauti, hata herufi hazikuzihifadhi kwa namna moja. Frank da Cruz na Bill Catchings wakaunda itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, wakaiita Kermit. Ndiyo, yule chura wa The Muppet Show.

Ujanja wake ni rahisi. Faili hukatwa vipande vya herufi zisizofika mia moja, kila kipande na nambari yake na hesabu ya kukikagua. Kikifika salama, mpokeaji hujibu "nimepata". Kikiharibika njiani, husema "rudia hicho". Hicho tu, si faili nzima! Modemu ya biti 300 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 30 kila sekunde, kwa hivyo faili ya kilobaiti 100 ilikula karibu saa nzima. Pole pole, lakini ilifika. Na kufikia 1986, ZMODEM ya Chuck Forsberg iliweza kuendelea pale pale laini ya simu ilipokatikia.

Kinachonikuna zaidi ni kwamba msimbo wa Kermit uligawiwa watu. Aliyekuwa na mashine ya ajabu aliandika toleo lake, akawapa wengine. Ikaishia kuzungumza na mamia ya aina za kompyuta.

Sasa mtu ataniambia kuna programu za kutumiana faili. Zipo, na nusu yake ni matangazo. Mwingine atasema ni usalama. Usalama gani, ikiwa video yangu lazima kwanza ipitie kompyuta ya mtu nisiyemjua, ng'ambo, ili isafiri sentimita thelathini? Hapa kuna mtu anataka tununue simu za ukoo mmoja, na gharama ya ukaidi wake tunailipa sisi kwa bando.

Nyinyi mnaosomea kuandika programu, mbona kila mradi ni wa kukopesha pesa? Tuundieni chura wetu.

Video yenyewe bado sijaiona. Rafiki yangu ataileta Jumamosi, kwa flashi.