Usiniulize Kama Nimepona

Mwezi huu sina stori ya bosi mkorofi wala ya shosti aliyeibiwa bwana. Nawaletea ugomvi wa ndani kwangu mwenyewe, ulioletwa na neno moja tu: "Umepona?"

Ilianza Jumamosi alfajiri. Nilifumbua macho nikaona pangaboi linazunguka kwa kasi, nikamwambia mume wangu alizime. Akanitazama. "Mke wangu, umeme umekatika tangu saa tisa usiku." Kumbe dari nalo lilikuwa linazunguka, kabati linazunguka, na yeye mwenyewe anazunguka. Nikajaribu kuinuka, nikaenda chini kama gunia. Kutapika kukafuata.

Kasheshe ya kwanza ilikuwa mama mkwe. Kusikia tu kizunguzungu na kutapika, akapiga kigelegele kwenye simu. Tuna miaka mitatu kwenye ndoa, na mnajua wenyewe ukoo unavyoihesabu miaka mitatu bila mtoto. Hospitali wakapima: mimba hakuna. Malaria hakuna, presha sawa, damu ya kutosha. Jibu lile la kwanza lilipotoka nilimwona mume wangu anashuka uso. Sikusema kitu, lakini nililiweka moyoni.

Baada ya kuhakikisha kwamba si kiharusi, wakatupeleka kwa daktari wa pua, koo na masikio. Aliangalia macho yangu yanavyochezacheza yenyewe, akatuambia kuwa mshipa wa fahamu unaobeba habari za mizani kutoka sikio la ndani, upande wa kushoto, umevimba, na kwamba wanaoshukiwa zaidi ni virusi. Mimi nilidhani sikio ni la kusikia tu na la kuvaa hereni! Kumbe ndani kabisa kila sikio lina mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kinageukia wapi. Habari za kulia na kushoto zinatakiwa zilingane. Upande mmoja ukinyamaza, ubongo unaamini unazunguka wakati wewe umelala tuli kitandani.

Nilipewa dawa za kutuliza, ila daktari akasisitiza ni za siku chache za mwanzo tu. Ubongo unatakiwa ujifunze mizani upya, na ukiendelea kuutuliza unachelewa kujifunza. Siku ya nne nikasimama. Nikadhani yamekwisha.

Wapi! Kile kizunguzungu kikubwa kiliondoka, kikaacha kuyumba. Nikigeuza kichwa ghafla, dunia inachelewa kunifuata. Nikiingia supamaketi, zile rafu ndefu zinanitia kichefuchefu. Ofisini nikitembea kwenye korido lazima nipapase ukuta, mpaka mlinzi akaniuliza kwa upole kama jana ilikuwa sikukuu.

Na kila asubuhi mume wangu: "Umepona?" Jioni tena: "Vipi, umepona?" Najua alikuwa ananijali. Lakini mimi nilishauona ule uso ukishuka mara moja, sikutaka kuuona tena. Nikawa namjibu, "Naendelea vizuri, kidogo tu kimebaki." Uongo wa heshima.

Uongo huo ulilipuka kwenye sendofu ya wifi yangu. Mume wangu alijua niko fiti, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia vingine. Viatu virefu, taa za rangi zinazochezacheza, muziki juu. Tukiwa tunacheza kwenda kumtunza bi harusi, miguu ikagoma. Nilipepesuka nikaishia juu ya meza ya mashemeji, soda zote chini. Nyuma yangu nikasikia, "Kalewa huyo." Mwingine akajibu, "Siyo, mjamzito."

Njiani akauliza, "Si uliniambia umepona?" Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyekuwa unataka nipone!" Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Wiki iliyofuata tukaanza kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alitusikiliza wote wawili, kisha akamgeukia mume wangu. "Baba, hilo swali liache. Kupona kwa mizani hakujibiwi kwa ndiyo au hapana. Badala ya kumuuliza, mpime." Akatupa mazoezi ya kila siku ya kugeuza kichwa huku nimekaza macho mahali pamoja, na akatuambia tununue daftari.

Vipimo vyenyewe havina gharama. Kila Jumapili jioni nasimama miguu imebanana, mikono kifuani, macho nimefumba. Yeye yuko nyuma yangu tayari kunidaka, simu inahesabu sekunde. Halafu naiangalia herufi moja iliyobandikwa ukutani, umbali wa mkono, natikisa kichwa kama mtu anayekataa, na anahesabu mpaka herufi ianze kuyumba. Mwisho natembea kisigino kwa kidole juu ya mstari wa vigae, tunahesabu hatua kabla sijapepesuka. Siku ya kwanza nilisimama sekunde 6. Hatua, mbili.

Mara moja kwa mwezi kunakuwa na dodoso. Lilitungwa Marekani na wataalamu wawili, Gary Jacobson na Craig Newman, likatoka mwaka 1990. Lina maswali 25 kuhusu mwili, shughuli za kila siku na hisia. Ukijibu ndiyo unapata alama 4, mara nyingine 2, hapana 0. Jumla ikikaribia 100, kizunguzungu ndicho kinachoendesha maisha yako.

Tulilijaza mezani usiku, yeye anasoma, mimi najibu. Tukafika kwenye swali linalouliza kama tatizo hili limeleta msuguano na ndugu au marafiki. Nikasema, "Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Hapana? Wewe na mimi? Andika ukweli, mke wangu. Weka ndiyo."

Jamani, nililia. Nikayatoa yote, mpaka lile la hospitali: kwamba nilimwona akishuka uso aliposikia sina mimba. Alinyamaza kidogo. "Nilishuka kwa woga," akasema. "Mimba ningeielewa. Walivyosema siyo, nikajiuliza, sasa hiki ni nini kinachonichukulia mke wangu?" Wiki zote zile nilikuwa namdanganya kwa sababu ya uso niliousoma vibaya.

Alama zikatoka 64. Nilijifunza kitu kingine mwezi uliofuata, zilipotoka 58. Nilikata tamaa: mazoezi yote yale, alama sita tu! Mtaalamu akasema tofauti iliyo chini ya alama 18 isitupe furaha wala huzuni, inawezekana ni namna nilivyoamka siku hiyo. Akafungua kurasa za Jumapili. Sekunde zangu 6 zilikuwa zimefika 17, na hatua 2 zimefika 6. Mwili ulishaanza kurudi, moyo ndio ulikuwa haujapata taarifa. Mwezi wa pili baada ya hapo nikapata 34. Kutoka 64, hiyo ni tofauti ya 30, na hapo ndipo tulipokwenda kula kuku kwa furaha. Mara ya mwisho nimepata 12.

Siyo kwamba njia ilinyooka. Kuna Jumapili nilirudi mpaka sekunde 9. Nilikuwa na mafua na sikulala usiku mbili. Mume wangu akaandika pembeni, "Mafua, usingizi mbaya," tukafunga daftari. Zamani siku kama hiyo ingekuwa ugomvi.

Kwa wewe mwenye mgonjwa wa kizunguzungu ndani, chukua haya:

1. Jueni kwanza ni kizunguzungu gani. Kile kinachokuja kwa sekunde chache ukigeuka kitandani mara nyingi ni vijiwe vidogo vilivyohama ndani ya sikio. Mtaalamu huvirudisha kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, na maendeleo yake yanapimwa kwa kuhesabu kinarudi mara ngapi. Changu kilitaka wiki nyingi za mazoezi.

2. Kizunguzungu kikija na maneno kukokota, upande mmoja kulegea, kuona viwili viwili, kichwa kuuma kuliko kawaida au kushindwa kabisa kusimama, achana na daftari. Hospitali, saa hiyo hiyo. Na sikio likiziba ghafla lisisikie, usingoje kesho.

3. Mazoezi yakileta kizunguzungu kidogo kinachotulia baada ya muda mfupi, hiyo ni kawaida. Ubongo uko darasani. Kikizidi au kikidumu, mwambie mtaalamu apunguze.

4. Usipime kila siku, utachanganyikiwa. Wiki kwa wiki inatosha, siku ile ile, saa ile ile. Na usipime peke yako ukaanguka.

5. Daftari si la ushahidi wa mahakamani. Siku mkigombana, msilifungue.

Mume wangu bado ananiuliza hali yangu, lakini swali limebadilika. Siku hizi anauliza, "Leo ilikuwaje?" Hilo naweza kulijibu kwa ukweli, hata siku ambayo jibu lenyewe ni baya.

Juzi umeme ulikatika tena usiku. Nikalitazama pangaboi. Limesimama. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Tukutane mwezi ujao, na muambiane ukweli huko majumbani!